Kiti Kibaki Nyumbani

Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwako ndugu yangu Kimanzi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watu wa nyumbani hamjambo. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, maana godoro la huku limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Habari ya mgongo usimwambie Mwaitu.

Nilikuona siku ya hukumu ukitoka kortini kabla hakimu hajamaliza kusoma. Sikulaumu. Miaka mitatu kwa kuketi chini siku mbili mbele ya kituo cha polisi pamoja na wapiga kura wangu! Hakimu aliita uchochezi. Sisi tulikuwa tunauliza tu watu wetu watatu waliochukuliwa baada ya maandamano wamepelekwa wapi. Wawili waliachiliwa wakiwa hai, kwa hivyo sijutii. Lakini Makau fundi viatu bado. Tafadhali pitia kwa mke wake kila wiki, na ukisikia lolote uniandikie.

Sasa soma hapa polepole. Wakili Zaid ameshapeleka rufaa. Sheria inasema kiti changu hakiwezi kutangazwa kuwa wazi rufaa ikiwa bado iko kortini. Maana yake mimi ningali mwakilishi wa wadi yetu hata nikiwa na nguo za jela. Ofisi ya Ruiru isifungwe hata siku moja. Wangechi anajua kazi yote, basari za wanafunzi, barua za hospitali, malalamiko ya maji. Wewe keti naye hapo mbele watu wakuone, maana uso wako ni wangu. Funguo nakuachia wewe.

Mwaitu mwambie kwa upole. Mama yetu ana miaka sabini na mbili, asije akazipata habari za mtoto wake kwa jirani.

Ni mimi dada yako,
Kalondu


Ruiru
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada Kalondu,

Sasa! Niaje huko? Najua utasema nimeanza barua vibaya kama kawaida, haya basi: natumaini barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha mimi. Umeridhika?

Mgongo pole sana. Nilijaribu kuja Jumapili iliyopita, foleni ya kuingia ikanishinda, muda ukaisha nikiwa nimebakisha watu sita. Nitakuja.

Mwaitu nilimwambia akiwa ameketi. Hakulia. Alichukua jembe akaenda shambani akalima mpaka jua likazama, na aliporudi aliuliza kitu kimoja tu: "Wanampa chakula?" Nikamwambia ndio. Akaenda kulala.

Ofisini watu ni wengi mpaka wanapanga laini kufikia duka la Mama Ikhlas. Wangechi ananiamrisha kama mwalimu mkuu. Ukweli ni kwamba nimeanza kuipenda hii kazi. Juzi mzee mmoja aliingia akanishika mkono akasema, "Mheshimiwa, asante kwa ile barabara." Nikamwambia mimi si mheshimiwa, mimi ni ndugu yake. Akasema ni sawa tu.

Jambo lingine. Mugo wa chama tawala alifika nyumbani Murera kumpa Mwaitu pole. Alileta blanketi. Aliketi jikoni kabisa, akanywa uji. Sikumfukuza, ningefanya aje?

Ndugu yako,
Kimanzi


Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kimanzi ndugu yangu,

Hujambo? Mwaitu hajambo? Mimi nashukuru, nimezoea. Nimepewa kazi ya kufundisha wenzangu kusoma. Kuna mmoja anaitwa Mwanamisi, alikuwa muuza samaki Thika, jana ameandika jina lake mara ya kwanza. Aliliandika kila mahali palipokuwa na nafasi mpaka tukamnyang'anya kalamu.

Kuhusu Mugo. Wewe hukujua, kwa hivyo nakuambia leo. Siku ya pili tukiwa tumeketi pale kituoni, Mugo ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Mheshimiwa, inuka urudi nyumbani, wiki ijayo utakuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha." Nilipokataa akasema, "Basi usije ukasema hukuambiwa." Saa moja baadaye nilikuwa ndani ya gari la polisi. Huyo mtu akija kwa Mwaitu, mpe kiti, mpe uji, lakini usimpe sikio.

Hukuniandikia habari ya Makau. Umeenda kwa mke wake?

Na Zaid anasema rufaa itasikizwa mwezi wa tisa. Vumilieni. Mimi navumilia.

Dada yako,
Kalondu


Ruiru
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima. Leo sina mzaha.

Mwaitu si mzima. Presha imepanda. Tulimpeleka hospitali Jumanne, daktari akasema tusimshtue kwa lolote, moyo wake hauwezi tena. Kila saa anauliza, "Kalondu atarudi lini?" Nimwambie nini?

Sasa nisikize kabla ya kukasirika. Mugo amekuja tena. Alisema mbele yangu na Mwaitu, palepale jikoni, kwamba kuna orodha ya msamaha itakayotolewa siku ya Jamhuri. Jina lako linaweza kuingia. Lakini mtu mwenye rufaa kortini hawezi kusamehewa, ni lazima kesi iwe imeisha. Uiondoe rufaa, na Krismasi utaila nyumbani. Alisema hivyo mara mbili, na aliapa.

Najua ulivyoandika juu yake. Lakini dada, Zaid ana nini cha kukupa? Mwezi wa tisa wataahirisha, halafu mwakani, halafu miaka mitatu imeisha na Mwaitu tumeshamzika. Zaid anajipatia jina kwa jasho lako. Na hata Wangechi siku hizi haji ofisini. Amekuchoka. Sikutaka kukuambia.

Kuhusu kiti usiwe na wasiwasi. Mugo anasema wataenda polepole, Spika ni mtu wao, hakitatangazwa wazi mpaka utoke uamue mwenyewe.

Wiki ijayo atakuja mtu na karatasi. Ni sahihi moja tu. Nikikosea jambo hili, Mungu anione.

Ndugu yako anayekupenda,
Kimanzi


Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 25 Mei 2025

Kimanzi,

Salamu. Mwaitu anaendeleaje? Anapata kulala?

Mtu alikuja Alhamisi. Niliisoma karatasi mara nne. Zaid hakuwepo na huyo mtu alisema hakuna haja ya kumngoja.

Nimetia sahihi. Nataka ujue kwa nini. Mugo simwamini, msamaha siuamini. Ila barua yako iliandikwa na wewe, mtoto niliyekuwa nikimbeba mgongoni tukienda kisimani Murera, na mtoto huyo hajawahi kunidanganya.

Mpe Wangechi salamu zangu hata kama amechoka. Mwambie sina kinyongo.

Njoo Jumapili ijayo, ufike mapema ili foleni isikushinde.

Dada yako,
Kalondu


Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Kimanzi,

Hujambo? Wiki saba sasa sijapata barua wala kukuona. Hii ni ya tatu nakuandikia. Kama Mwaitu amefariki na mnanificha, tafadhali niambieni. Nitavumilia kujua kuliko hivi.

Dada yako


Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 10 Agosti 2025

Kimanzi,

Salamu.

Wiki hii kuna mama mmoja ameletwa kutoka Ruiru. Aliniangalia sana wakati wa chakula, halafu akasema, "Si wewe ndiye yule wa mabango?" Nikamuuliza mabango gani. Akanieleza: yamebandikwa kwenye nguzo za stima kutoka stendi mpaka relini. Wewe umevaa suti ya buluu, mimi niko nyuma yako, ile picha yangu ya kuapishwa, na chini imeandikwa KITI KIBAKI NYUMBANI. Rangi ni za chama cha Mugo. Mama alikuwa anasema kwa furaha, akidhani ananipa habari njema. "Ndugu yako anakupenda," akaniambia. "Kila mkutano anakutaja mpaka analia."

Jana Wangechi akaja. Alikuwa na hofu kuniona. Ulimwambia, Kimanzi, kwamba mimi nimeagiza asikanyage ofisini, kwamba namshuku kuwa yeye ndiye aliyepeleka kwa polisi video zetu tukiwa tumeketi kituoni. Amekaa miezi mitatu akiamini hivyo. Tulilia wote wawili, afande akatuongezea dakika kumi.

Ni yeye aliyeniambia kiti kilitangazwa wazi siku tisa baada ya sahihi yangu. Siku tisa. Hiyo ndiyo polepole yenu.

Niandikie. Nataka nisome kwa mwandiko wako.

Kalondu


Ruiru
Jumapili, 17 Agosti 2025

Dada Kalondu,

Natumaini u salama. Najua umekasirika, na una haki.

Lakini jiweke mahali pangu. Mugo alikuja na habari kwamba kiti kitaenda, upende usipende, na mtu wao alikuwa tayari. Mtu wa nje kabisa, asiyejua hata njia ya kwenda Murera. Nikasema hapana. Kama ni kwenda, kibaki nyumbani. Nilikuwa nalinda jasho lako. Wewe ungetaka nikae tu nikiangalia?

Sikukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nilianza barua nyingi. Ya Wangechi nilikosea, nakubali, lakini yeye angekuja kwako mbio na maneno kabla sijakueleza mwenyewe.

Na msamaha bado uko. Nikishinda nitakuwa ndani, nitakuwa na nguvu ya kuwasukuma. Naomba kitu kimoja tu: kura ni mwezi ujao, usiseme lolote kwa gazeti wala kwa Zaid. Kama unaweza, nitumie mistari miwili ya salamu niwasomee watu mkutanoni.

Mwaitu amenipa baraka zake.

Ndugu yako,
Kimanzi


Ruiru
Jumapili, 14 Septemba 2025

Dada,

Salamu. Hukunijibu, lakini naandika tu. Nimeshinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Watu waliimba jina lako. Natamani ungesikia.

Nimeapishwa Alhamisi. Kazi ya kwanza ni wewe, nakuahidi. Mugo anasema orodha iko tayari na ameliona jina lako kwa macho yake, namba kumi na saba. Subiri Jamhuri.

Ndugu yako,
Mhe. Kimanzi


Gereza la Wanawake, Thika
Jumapili, 11 Januari 2026

Kwa Kimanzi,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima.

Jamhuri ilipita. Majina yalisomwa uwanjani tukiwa tumepanga mistari. Nilihesabu mpaka kumi na saba kwa vidole, kwa ujinga tu. La kumi na saba lilikuwa la mwanamke mwingine, akaanguka chini kwa furaha. Yalipofika mwisho, Mwanamisi alinishika bega.

Sikuandikii ili kukulaumu. Nimeshindwa hata kupata hasira ya kutosha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo moja ambalo wewe unaweza kulifanya.

Zaid amerudi kwangu. Nilimwomba msamaha, akasema tuachane na hayo tufanye kazi. Anasema Mahakama Kuu inaweza kuirudisha rufaa yangu ikionyeshwa kwamba niliiondoa kwa kudanganywa. Barua yako ya Mei ninayo, lakini haitoshi peke yake. Anahitaji hati ya kiapo ya mtu aliyemsikia Mugo akiahidi kwa mdomo wake. Ni ukurasa mmoja. Useme alichosema, siku gani, jikoni kwa nani. Mwaitu naye alisikia, lakini kwa moyo wake ule simwingizi kortini.

Najua itakugharimu. Mugo atakugeuka, pengine hata kiti kitatikisika. Mimi nimebakisha mwaka mzima na zaidi humu ndani. Pima mwenyewe.

Zaid atakungoja ofisini kwake Thika Ijumaa tarehe 23, saa nne asubuhi. Mimi siku hiyo sitakula mpaka nisikie umefika.

Dada yako,
Kalondu


Ofisi ya Mwakilishi wa Wadi, Ruiru
Jumapili, 8 Februari 2026

Kwa Bi. Kalondu Mbaluka,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema.

Nimepokea barua yako na kuitafakari kwa kina. Wakili wangu amenishauri kwamba kwa sasa si busara kwangu kutoa kiapo chochote kuhusu mazungumzo ya kifamilia ambayo siyakumbuki vizuri. Pia amenishauri nikuombe uichome ile barua ya Mei, kwa faida ya sisi sote.

Dada, usinione mbaya. Kuna wafanyakazi kumi na mmoja wanaonitegemea hapa. Kuna barabara ya Witeithie nimeanza. Nikianguka mimi, nani atakusaidia? Nilikuwa Thika tarehe hiyo 23. Nilifika hata ngazi za ofisi ya Zaid. Nilisimama pale nikaangalia simu, halafu nikaenda zangu.

Mwaitu hataki kabisa mambo ya korti. Amesema yaishe.

Wako,
Mhe. Kimanzi Mbaluka


Ofisi ya Mwakilishi wa Wadi, Ruiru
Jumatatu, 9 Machi 2026

Dada yangu Kalondu!

Sasa! Nimesikia redioni asubuhi hii nikiwa kwenye gari, nikamwambia dereva asimame. Rufaa imerudishwa na dhamana umepewa! Sijui Zaid amefanya nini, lakini Mungu ni mkubwa.

Nimeuliza, wanasema amri itachukua siku chache kufika gerezani, kwa hivyo tumepanga Ijumaa. Nitakuwa langoni saa tatu na magari, kina mama wa kanisa, na waandishi wa habari wawili ninaowajua. Tutatoka pamoja, mimi na wewe, tumeshikana mikono. Halafu moja kwa moja Ruiru uwanjani, hema liko tayari. Utasema maneno machache, si lazima yawe mengi. Yaliyopita tutayaongea tukiwa nyumbani, sisi kwa sisi.

Nimekununulia gauni. Sikujua saizi yako ya sasa, nimekisia.

Ndugu yako,
Kimanzi


Witeithie
Jumamosi, 14 Machi 2026

Kimanzi,

Hujambo. Mimi ni mzima.

Nimeambiwa jana mlisimama langoni mpaka saa saba na wale kina mama wakaanza kuzimia kwa jua. Wape pole. Mimi nilitoka Jumatano. Zaid alileta amri ya mahakama asubuhi mwenyewe, nikapewa nguo nilizoingia nazo, zikanipwaya kama za mtu mwingine. Mwanamisi alinisindikiza mpaka pale mwisho anaporuhusiwa. Nje walikuwa watu wawili tu, Wangechi na Mwaitu.

Nilimkimbilia Mwaitu nikamshika kama yai. Nikamwambia, "Pole pole Mwaitu, presha yako."

Akasema, "Presha gani?"

Nikamwambia ile ya mwaka jana, ya hospitali. Akanitazama, akamtazama Wangechi, akasema, "Mimi hospitali sijaingia tangu ile chanjo ya korona." Halafu akasema, "Hivyo ndivyo alivyokupata?"

Ulitaka kujua Zaid alifanya nini. Hakufanya kitu kikubwa. Baada ya tarehe 23 kupita, Wangechi alienda Murera kumwambia Mwaitu kwamba nimekosa shahidi. Mwaitu akauliza, shahidi ni nini. Wangechi akamweleza: mtu aliyesikia. Mwaitu akasema, "Lakini mimi nilisikia. Nilikuwa nakoroga uji." Hakuwa amekataa korti, Kimanzi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wewe ulikuwa umemwambia mimi mwenyewe nimechoka na kesi, na kwamba anyamaze asije akaniharibia.

Alivaa nguo yake ya kanisa. Kule ofisini kwa Zaid karani alimsomea hati kwa Kikamba, akaambiwa aweke kidole. Akasema, "Soma tena hapo pa Mugo." Wakasoma. Akasema Mugo aliapa mara mbili, na wao wameandika mara moja. Wakarekebisha. Zaid akamuuliza kama anajua karatasi ile inaweza kumharibia mtoto wake wa kiume. Akamjibu, "Wote wawili nimewazaa mimi. Lakini mmoja ndiye yuko ndani." Akaweka kidole. Wangechi anasema njiani kurudi alikuwa anakipangusa kile kidole kwenye kitenge hata wino ulipokuwa umeisha.

Barua yako ya Mei sikuichoma. Iko kortini, pamoja na ile ya kuniomba niichome.

Kiti ni chako. Zaid anasema hata nikishinda rufaa hakinirudii, wewe utakikalia hadi uchaguzi mkuu, mradi Mugo akuache. Sitakuja uwanjani kukusema vibaya, na sitakuja kukusema vizuri. Picha yangu nimeomba mahakama ikuamuru uitoe kila mahali ulipoibandika. Alhamisi mke wa Makau alikuja kuniona hapa kwa Wangechi. Mumewe bado hajulikani alipo. Nikamuuliza kama umekuwa ukipita. Anasema hajakuona hata siku moja, na nyumba yao iko jirani na duka la Mama Ikhlas, hatua chache kutoka ofisini kwako. Nimemwambia kuanzia Jumatatu tutaanza tena, mimi na yeye, kituo kwa kituo.

Nilidhani siku nikitoka nitakuwa na maneno mengi ya kukuambia. Huko ndani nilikuwa nayapanga, mengine makali sana. Sasa nimekaa hapa na karatasi na hayaji. Kinachonirudia ni ngazi tu. Kama hungefika Thika kabisa, ningesema uliogopa. Lakini ulifika mpaka kwenye ngazi, ukaangalia simu, na mimi Ijumaa ile nilikaa bila kula mpaka Jumamosi jioni nikingoja.

Gauni mpe mtu limtoshe.

Mwaitu hajakufungia mlango. Jumapili akitoka kanisani huwa anapika isyo, mahindi na maharagwe, kama zamani, na anasema ukitaka uje, lakini uje peke yako, bila gari la kaunti. Nenda. Ana maswali yake ya kukuuliza, na mimi sikumkataza. Nimemwomba jambo moja tu: ukimwambia unakuja aniarifu mapema, ili ufike nikiwa nimeshaondoka hapo.

Dada yako,
Kalondu